Aliyetema Kahawa ya Shangazi

Kule Goma, ukisikia mluzi nyuma yako, ruka kwanza, mengine utauliza baadaye. Kokuhirwa hakulijua hilo. Alikuwa na wiki ya pili tu mjini, amesimama katikati ya njia kwenye soko la Virunga, anachagua nyanya kwa macho bila haraka, gauni lake la njano limepigwa pasi utadhani anakwenda kubatizwa. Nyuma yake ilikuwa inashuka chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio wala huruma, imepakia magunia ya viazi kutoka Kibumba, na mwenye nayo anapiga mluzi hadi mishipa ya shingo imemtoka.

Mkono ukamvuta. Nyanya za kikapuni mwake zikaenda upande wao, yeye akaenda upande mwingine, akajikuta kifuani kwa kijana mrefu mwenye shati jeupe, jeupe mpaka dakika ile.

"Wewe kaka, una wazimu? Unamvutaje mtu bila hodi?"

"Pardon, mama. Ningepiga hodi, sasa hivi ungekuwa chini ya viazi."

Koku akageuka, akaiona chukudu ikiishia kwenye kona. Kijana akainama, akaanza kumwokotea nyanya, zilizopona upande huu, zilizopasuka upande ule, kwa utaratibu wa ajabu.

"Kiswahili yako iko tamu," akasema. "Unasema kama radio. Uko Mutanzania?"

"Na wewe unasema kama nani?"

"Kama mutu wa Goma. Utazoea."

"Sitazoea."

Uongo mtupu. Miezi mitatu haikupita, naye alikuwa anasema "njo vile" badala ya "ndivyo", na "juu ya nini" badala ya "kwa nini", mbele ya wagonjwa wake, na kijana yule, Gauthier Kakule, alikuwa anamwita "radio yangu" kwenye simu.

Nikujulishe hawa watu kabla hatujaenda mbali. Kokuhirwa ni Mhaya wa Bukoba, fundi wa miguu bandia. Alisomea Moshi, kisha kituo kimoja cha Goma kikamwajiri, na mikono yake imewasimamisha wengi waliodhani hawatasimama tena. Gauthier ni Mnande wa Butembo, mwonjaji wa kahawa katika ghala moja la hapo mjini. Kahawa ya Kivu haipandi meli kabla ulimi wa Gauthier haujatoa hukumu. Anapenda suti, anapenda viatu vinavyong'aa, na kwa kuwa Goma ina vumbi jeusi la volkano, hutembea na kitambaa cha kuvifutia mfukoni. Koku alimcheka kwa hicho kitambaa, baadaye akawa anakifua yeye.

Mapenzi yao yalikuwa ya kutembea. Gauthier alimwonyesha mji wote: sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, kule Kituku, jibini ya Masisi, na anga jekundu juu ya volkano ya Nyiragongo giza linapoingia.

Mwaka ukapita hivyo, kwa raha. Kisha shangazi yake Koku akapiga simu kutoka Bukoba.

"Koku, mwanangu. Hospitali ya mkoa wanatafuta fundi kama wewe. Nimekuulizia, wamekubali."

"Shangazi, mimi huku nina kazi."

"Na una mtu. Sperata ameniambia. Basi nakuja mwenyewe na huyo huyo Sperata. Nikiona mahali na mtu vinakufaa, nitakuacha kwa amani. Nikiona havikufai, tutapanda basi moja kurudi."

Je, Koku hangeweza kukataa? Angeweza, ni mtu mzima mwenye mshahara wake. Lakini Shangazi Adventina ndiye aliyemchukua Koku mama yake alipofariki, akamlea pamoja na Sperata, binti yake wa kumzaa, bila kubagua kipande cha nyama. Koku hakutaka kuolewa huku mama huyo akiangalia pembeni. Alitaka baraka yake, na alitaka Gauthier, na aliona kabisa kwamba safari hii itamwachia vyote au itamnyang'anya kimoja.

Gauthier alipopewa habari, alipeleka suti yake ya rangi ya maziwa kwa dobi siku hiyo hiyo.

"Chérie, nitamuambia nini mama?"

"Ongea naye tu. Ana shamba la kahawa, anaipenda sana. Mweleze kazi yako."

"Kahawa? Bon! Basi sina woga."

Maneno hayo ya Koku yakumbuke, msomaji, maana ndiyo yaliyoharibu kila kitu.

*

Wageni walivuka Grande Barrière, lango kuu la mpakani, asubuhi, wametokea Kigali kwa basi. Shangazi alivaa kitenge cha zambarau, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na viatu vyake vya misa. Sperata alikuwa na miwani ya jua na simu mkononi, tayari anapiga picha kila kitu, pamoja na askari aliyemkataza.

"Karibuni Goma, mama. Mulisafiri muzuri?" Gauthier aliinama, akapokea mizigo kwa mikono miwili. Gari alikuwa ameliazima kwa Émile, rafiki yake.

"Waitu, tumefika," Shangazi akajibu, kwa "waitu" ile ya adabu ya Kihaya, akamtazama kuanzia kiatu hadi nywele. Kiatu kilimridhisha.

Mji wakauzunguka. Shangazi hakuamini ule weusi: kuta nyeusi, mawe meusi, hata bustani za kabichi zimezungushiwa mawe meusi.

"Hivi mwanangu, nchi ya huku iliungua?"

"Iliungua, mama, tena si mara moja. Ikipoa, tunajenga."

"Na ikiungua tena?"

"Tunasubiri ipoe."

Shangazi alicheka, ingawa hakupanga kucheka mapema hivyo. Kwenye mzunguko wa barabara waliposhuka kuiona sanamu kubwa ya chukudu iliyopakwa rangi ya dhahabu, Sperata alishika kiuno.

"Mnajengea baiskeli sanamu?"

"Hiyo baiskeli ilisomesha watoto wengi hapa, dada. Ilitulisha wakati magari ilikataa kuja."

"Hiyo hiyo ilitaka kuniua," Koku akadakia.

"Ndiyo maana mimi nainamia hiyo sanamu kila asubuhi," Gauthier akasema. "Bila yeye ningekupata wapi?"

Sperata alipiga kelele ya furaha, na Shangazi akajifanya hajasikia. Kituku walikula sambaza kwa ndizi, vidole vikiwaka pilipili. Shangazi aliuliza kama kwao Butembo kuna migomba. Gauthier akamwambia iko mpaka milimani, na nyumba isiyo na migomba watu huiuliza ina shida gani. Kwa Mhaya hilo si jibu dogo. Ndani ya gari Shangazi alimgusa Koku goti, akamnong'oneza, "Huyu kalelewa." Koku aliangalia dirishani ili yasionekane machozi yaliyomjaa.

Walipofika kwa Koku, jikoni kukawa na kazi ya ndizi na sombe, kisamvu cha huko. Koku na Sperata wakaingia huko. Sebuleni wakabaki Shangazi na Gauthier, aliyekaa wima, kitambaa cha viatu kimefichwa.

Shangazi alifungua mkoba wake, akatoa kikapu kidogo cha kusukwa chenye kifuniko. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ile inayochumwa, ikachemshwa na majani yenye harufu, ikaanikwa. Kwa Wahaya mgeni wa heshima hupewa hiyo kabla ya chakula. Zamani watu walifunga undugu kwa kahawa, na hadi leo ukipewa, umepokewa. Shangazi alikuwa ameibeba kutoka Bukoba bila kujua kama ataitoa. Sasa alikuwa ameamua. Akampa punje kadhaa kwa mkono wa kulia, kimya, maana jambo hilo halina hotuba.

Gauthier alizipokea. Akawaza: mama ana shamba, Koku alisema; mama ameleta kahawa yake ipimwe. Aliinusa. Akaivunja moja kwa ukucha, akaangalia ndani kwenye mwanga wa dirisha. Akatia mdomoni, akatafuna akiwa amefumba macho, akizungusha ulimi. Kisha akatafuta kwa macho, akaona kopo la ua dirishani, akaenda, akatema.

"Mama," alisema kwa upole wa daktari, "sitakudanganya. Hii ni robusta, na ilivunwa ingali mubichi. Halafu muliichemusha, ladha yote ilienda. Ukiipeleka sokoni, batakukatalia. Lakini usivunjike moyo, mi nitakufundisha."

Koku alitoka jikoni na sahani wakati wa neno "batakukatalia". Aliona kikapu. Aliona kopo la ua. Sahani ilibaki mikononi mwake.

"Asante, mwanangu," Shangazi akasema, akafunika kikapu.

Chakula kililiwa. Sperata alisimulia safari ya basi peke yake, mpaka akaishiwa maneno.

*

Gauthier alipiga simu jioni hiyo hiyo, sauti yake ina furaha.

"Allô, radio yangu! Mama alisema nini juu yangu?"

"Umemtemea shangazi yangu."

"Nini?"

"Kahawa ile haikuwa ya kupima, Gauthier! Ni ya kumkaribisha mtu. Alikuwa anakupokea, na wewe ukaitema kwenye ua langu, ukamwambia ni mbaya! Nimeona aibu, sijui nijifiche wapi."

Furaha ikamwisha Gauthier sautini.

"Ulinambia niongee juu ya kahawa," alisema.

"Sikukwambia uteme!"

"Koku. Umeniona kule kazini. Unajua mi natema kahawa kila siku ya Mungu. Na ya kwenu uliijua tangu utoto. Mama hakujua yangu, mi sikujua yake. Mutu aliyejua zote mbili ni wewe peke yako."

Alisema kweli, na hakuna kinachokasirisha zaidi ya mtu anayesema kweli.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Uliona aibu juu yangu mbele ya batu benu. Njo ile inaniuma. Usinipigie tena leo."

Hakupigiwa. Wala kesho yake asubuhi.

Shangazi aliamka mapema, akakunja mashuka yake.

"Kesho tunaondoka. Panga vitu vyako."

"Shangazi, ni kazi yake. Waonjaji hutema. Ndivyo wanavyofanya."

"Kazi ya kutema? Koku, mapenzi yanakusemesha. Mtu akipenda kitu, anakimeza." Akavaa viatu vyake vya misa. "Lakini leo bado ni siku ya matembezi. Nionyeshe mji wako, wewe mwenyewe, bila gari la mtu."

Wakapanda pikipiki, kila mmoja yake. Koku alijitahidi. Aliwapeleka Birere, akawaonyesha duka la vitenge, vikwembe kwa lugha ya huko, ambalo Gauthier humwambia wanapunguza bei ukicheka. Aliwapitisha kwenye kanisa ambalo Gauthier huimba sauti ya nne. Aliwaonyesha Mlima Goma, ambako Gauthier alimshika mkono mara ya kwanza kwa kisingizio cha mteremko. Akawasimamisha kwa mama anayeuza maandazi, na yule mama, kabla hata ya salamu, akauliza, "Na Papa Gauthier? Iko wapi leo?"

Shangazi aliweka andazi lake chini.

"Koku. Mji huu una watu wangapi?"

"Wengi mno, Shangazi. Sijui."

"Maana tangu asubuhi nimesikia habari za mmoja."

Hapo Koku alilia. Alilia barabarani, mbele ya pikipiki na wauza kadi za simu, bila kujifunika uso.

"Nampenda, Shangazi. Nakupenda na wewe. Huko hospitalini nitafanya kazi vizuri, nitakupikia, nitakwenda misa, na sitakuwa na furaha. Jana nilimfokea kwa sababu niliona aibu, na kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kuwaambia nyote wawili."

Sperata naye akaanza kulia, kwa kuwa yeye hulia na yeyote. Shangazi akamfuta Koku mashavu kwa ncha ya kitenge.

"Hilo ghala liko wapi?" akauliza.

*

Uani mwa ghala kulikuwa na wanawake wengi wameketi kwenye meza ndefu, aproni za bluu, wanachambua punje mbovu huku wanaimba. Kiongozi wao, Mama Mukamugema, alimpa Shangazi kiti bila kuuliza sababu. Dirisha kubwa lilifunguka kwenye chumba cha kuonjea. Ndani, Gauthier na wenzake wawili walikuwa wanazunguka meza yenye vikombe, kila mtu na kijiko chake. Macho yake yalikuwa mekundu, wala si kwa moshi.

Fyuuu! Gauthier alivuta kijiko cha kahawa kwa kelele iliyofika uani. Akazungusha mdomoni, akafumba macho, akatema kwenye ndoo. Akaandika. Kikombe cha pili, fyuuu, akatema. Wenzake vilevile. Fyuuu, na ndoo.

Sperata alishika tumbo kwa kicheko. Shangazi hakucheka. Alitazama kikombe baada ya kikombe.

"Hiyo ni mbaya yote?" alimuuliza Mama Mukamugema.

"Hapana, mama. Ile ya mwisho ni ya Kalengera, mwaka jana ilishinda zote."

"Ameitema."

"Anatema yote, nzuri na mbaya. Akimeza, moyo unamupiga mbio, ulimi unachoka, hawezi tena kufanya kazi. Huyu Kakule kwa miaka yote mi sijamuona anameza hata moja."

"Hata nzuri?"

"Hata nzuri, mama."

Shangazi aliegemea kiti. Koku, aliyesimama nyuma yake, aliona mabega ya kitenge yakishuka taratibu.

Ndipo Gauthier, kijiko mdomoni, alipoinua macho akaona dirishani kilemba cha zambarau. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Ndoo ilikuwa pembeni yake kabisa. Aliiangalia ndoo, akamwangalia Shangazi, akaiangalia ndoo tena. Akameza.

"Kakule!" Luc, mkubwa wake, alishangaa. "Ulimeza?"

"Nilimeza."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, chef. Mama mukwe wangu iko kwenye dirisha."

Wimbo wa wachambuaji ulikatika ghafla. Koku alijiziba mdomo. Walikuwa hawajawahi kulitamka neno hilo, wala lolote linalokaribiana nalo.

"Nani amekwambia mimi ni mkwe wako?" Shangazi akauliza kupitia dirishani.

Gauthier alitoka nje. Leo hakuwa na suti, alikuwa na koti la kazi lenye madoa, na viatu vina vumbi. Alisimama mbele ya kiti cha Shangazi, akapiga magoti kwenye yale mawe meusi, mbele ya wanawake wote.

"Mama, unisamehe. Nilikutemea nikifikiri nakusaidia."

"Ulisema kahawa yangu ni mbaya."

"Ndiyo, mama."

"Na leo unasemaje?"

Koku alimwombea kimoyomoyo: danganya, mpenzi, leo tu. Gauthier akainua uso.

"Kwa kunywa, bado ni mubaya, mama. Siwezi kukudanganya. Lakini sikujua kama ulikuwa unanipokea. Ningejua, ningetafuna mpaka kikapu kiishe, na ningeomba ingine."

Shangazi alianza kucheka. Alicheka hadi kilemba kikalegea, akamshika Mama Mukamugema mkono, akacheka tena.

"Waitu! Nimekuja mbali hivi kutafuta mtu asiyenidanganya, nimempata, nikataka kumkimbia."

Gauthier aliinuka. Koku alikuwa tayari mbele yake.

"Nisamehe," alisema. "Aibu ile haikuwa juu yako. Niliogopa, nikakurushia woga wangu."

"Mi nilikaa na simu mukononi, chérie, na mi mwenyewe nilikuambia usipige. Ulishaona mujinga kama mimi?"

"Nimewaona. Nampenda huyu mmoja."

"Unikubalie basi, radio. Sikupanga kuuliza hapa. Nilitaka kununua pete kwanza, tuende kwenye mayi ya ziwa, nivae suti."

"Gauthier, nimekubali tangu nyanya."

Wanawake walipiga vigelegele, na Luc akagonga kioo akidai kazi iendelee, lakini hakugonga kwa nguvu.

"Tulieni," Shangazi akasema. "Huyu binti haombwi uani. Watume wazee wako Bukoba, waje waketi, waongee na kaka zangu."

"Batakuya, mama. Hata kesho."

"Kesho mimi nasafiri, waache nifike. Na wewe Koku, andaa maneno ya kuwaambia hospitali ya mkoa kwamba huji."

*

Asubuhi iliyofuata, kwenye foleni ya Grande Barrière, Sperata alikuwa anampiga picha askari yule yule, safari hii kwa ruhusa yake. Shangazi alimkumbatia Koku muda mrefu, kilemba chake kikimkwaruza shavu, wote wawili wakilia bila kuona haya.

"Nilimwomba Mungu akupe mume mwema, karibu na nyumbani," alimwambia sikioni. "Amenipa nusu."

Akajifuta macho, akamkabidhi Gauthier begi lake kubwa, kama anayemkabidhi mwanawe. Naye akalibeba hadi askari walipomzuia asiendelee.